Ni Huzuni, Si Maringo

Mwanza na Würzburg ya Ujerumani ni miji rafiki tangu 1966. Na tangu 2013 mpango wa weltwärts huwapokea Ujerumani vijana wa nchi kama yetu wanaokwenda kujitolea, wengi kwa mwaka mmoja. Siku ya kurudi, gari likitoka uwanja wa ndege na kuingia Pasiansi, nyumbani ni vigelegele na sato wa kukaanga.

Wiki ya pili kijana amenyamaza. Chakula hakimwendi, usingizi haupati. Majirani husema, "Ameleta maringo ya Ulaya." Sisi wauguzi tunasema hapana. Ameacha huko marafiki, na hajui kama atawaona tena. Mwulizeni majina yao, tazameni picha zao pamoja, mwacheni asimulie. Akizidi kujitenga kwa wiki mbili, mleteni hospitali.

Lakini lipo jambo jingine. Anayekaa mwaka mzima mahali pasipo na malaria hupungukiwa na kinga aliyoijenga tangu utotoni. Akirudi kwenye mbu wa huku ziwani anaweza kuugua vikali kama mgeni. Basi alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza. Akipata homa, kichwa kumuuma au mwili kuchoka, msiseme ni safari au ni mawazo tu. Apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Wapendwa, kumpokea mtu hakuishi siku ya vigelegele.