Seva haikufa kimya, sisi ndio tuliiziba mdomo

Samahanini kwa kupotea. Nilikuwa BTP huko Bungu, milimani Usambara, ambako mtandao unakuja ukijisikia. Nimerudi kampasi juzi, na nimerudi na hasira. Ngoja niitue hapa.

Shule niliyokuwa nafundisha ina seva moja ya Linux, yaani mambo ya ukoo wa Unix. Humo mna notisi na alama za majaribio. Jumatano moja asubuhi tukaikuta imezimika. Tukaiwasha, ikawaka, ila alama za wiki ile zikagoma kufunguka. Fundi akaja, akachungulia /var/crash: tupu. Faili la core: hakuna. Logi: zinaanzia asubuhi ile ile. Akatangaza, "Mtambo hauna kosa, kuna mtu kauchezea." Basi, dogo mmoja wa kidato cha tatu aliyeonekana chumba cha kompyuta jioni yake akaambiwa akamlete mzazi.

Hapo ndipo nilipogoma. Jamani, tangu lini kukosekana kwa ushahidi kukawa ushahidi?

Umeme ukikatika ghafla, kerneli haipati hata sekunde ya kuandika wosia. Diski ikijaa, hakuna pa kuandika. Memori ikiisha, kerneli huichinja programu kwa ishara ya SIGKILL, na ishara hiyo haiachi core. Halafu mashine nyingi ukomo wa core umewekwa sifuri. Andika ulimit -c ujionee. Na kerneli yenyewe ikianguka, kdump haiokoi kitu kama hukuitengea memori mapema.

Nikamwomba mwalimu wa zamu nikae na ile mashine. ulimit -c ikajibu 0. Folda ya /var/log/journal haikuwepo, na ikikosekana, journald huandika kwenye memori tu: ukizima, kwishnei! Nikaandika last -x. Ikaonyesha mashine imewashwa upya bila kuzimwa kwa utaratibu. Kisha nikatazama saa za mafaili: kazi inayojirudia kila saa iliandika mara ya mwisho saa nane usiku. Dogo alitoka mule saa tatu. Maana yake seva ilikuwa hai saa tano nzima baada yake.

Najua mtasema, "Huenda aliacha mtego." Sawa, tuonyesheni huo mtego! Mimi sidai kwamba najua kilichoiua. Yawezekana umeme, yawezekana memori mbovu. Nadai kwamba asiyejua anyamaze, asimtafutie mtoto wa mtu kesi.

Sisi walimu watarajiwa tunafundishwa kwamba shule ina logi buku. Mgeni akija, inaandikwa. Paa likiezuliwa na upepo, inaandikwa. Mkuu wa shule hasubiri paa liezuliwe ndipo anunue daftari. Mbona seva tunaiacha bila daftari, halafu ikianguka tunashika viboko?

Na dawa yake wala si ghali. Tengeneza ile folda ya journal. Fungua ukomo wa core. Tenga memori ya kdump, kisha ijaribu kabla ya siku ya msiba. Tuma logi kwenye kompyuta ya pili, hata kuukuu, maana marehemu hawezi kujiandikia cheti cha kifo. Weka UPS. Nakala ya alama ikae kwenye diski nyingine.

Mzazi alikuja, kapanda mlima kwa miguu, kaacha shamba. Nikamweleza mbele ya mwalimu wa zamu habari za saa tatu na saa nane. Dogo akarudishwa darasani. Pole hakupewa, wala fundi hakurudi kufuta kauli yake.

Wenzangu wa ualimu, mwakani tutakuwa makazini. Tukikuta folda tupu, tujiulize kwanza nani alipaswa kuijaza.

Tuko pamoja. Naenda kupanga foleni ya msosi.