Nchi Isiyotoza Kodi

Wako wenzetu hapa shuleni ambao, kila itajwapo Saudia katika somo la jiografia, husema kwamba nchi ile imebarikiwa kupita zote kwa sababu raia wake hatozwi kodi ya mapato. Mafuta, wasema, ndiyo yalipayo mishahara ya walimu, ndiyo yajengayo hospitali na barabara, na mwananchi hatoi hata senti moja mfukoni mwake. Kisha huongeza la kwao: gesi yetu ya kusini ikitoka kwa wingi, na sisi tutafutiwa kodi. Mimi sikubaliani nao, na naomba nafasi katika gazeti letu nieleze sababu zangu. Siidharau nchi ile, ambayo ndani yake mna Makka na Madina. Nasema habari za fedha na serikali tu.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Saudia ina eneo lipatalo kilomita za mraba 2,150,000, yaani zaidi ya mara mbili ya Tanzania, nayo imeshika sehemu kubwa ya Bara Arabu, kutoka Bahari ya Sham upande wa magharibi mpaka Ghuba upande wa mashariki. Katika ukubwa wote huo hamna hata mto mmoja utiririkao mwaka mzima. Aliyezoea Rufiji na Ruvuma na aisome sentensi hiyo mara mbili. Kuna mabonde yaitwayo wadi, ambayo hujaa maji mvua inyeshapo, kisha hukauka. Katika milima ya Asir, kusini-magharibi, mvua hupatikana na watu hulima kwa matuta. Hijazi ina bandari ya Jeddah na miji mitukufu. Katikati ni Najd, nyanda kavu zenye mji mkuu wa Riyadh, na kusini-mashariki ni jangwa liitwalo Rub' al Khali, maana yake Robo Tupu, ambalo mchanga wake peke yake umeenea kilomita za mraba zipatazo 650,000. Upande wa Ghuba ni nchi tambarare yenye chemchemi na mitende ya Al-Ahsa, na chini ya nchi hiyo ndiko yaliko mafuta. Uwanja wa mafuta wa Ghawar, uliogunduliwa mwaka 1948, una urefu wa kilomita 280 hivi, nao ndio mkubwa kuliko yote iliyopata kuonekana nchi kavu.

Sasa watu hudhani kwamba Saudia imekuwa tajiri siku zote. Sivyo. Abdulaziz ibn Saud aliuteka Riyadh mwaka 1902, akaitwaa Hijazi mwaka 1925, na tarehe 23 Septemba 1932 akatangaza ufalme. Katika siku hizo fedha zake zilitoka kwa watu: ada za mahujaji, ushuru wa forodha ya Jeddah, zaka, na mikopo ya wafanya biashara wa Hijazi. Shida ya uchumi iliyoikumba dunia kuanzia mwaka 1929 ilipowapunguza mahujaji, hazina ilibaki karibu tupu. Nami naona ni jambo la kuangaliwa sana kwamba katika miaka ile ile ya dhiki palikuwa na baraza la mashauri mjini Makka, ambamo watu wakubwa wa Hijazi walijadili mambo ya nchi yao. Halikuwa bunge, maana wajumbe waliteuliwa na mfalme. Lakini mfalme aliyehitaji fedha za wenye maduka alikuwa na sababu ya kuwasikiliza.

Mwaka 1933 serikali yake ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Standard Oil of California. Malipo ya kwanza yalikuwa sarafu za dhahabu 35,000, zikahesabiwa Jeddah. Wachimbaji walihangaika miaka kadhaa bila ya kupata kitu cha maana, mpaka Machi 1938 kisima namba 7 cha Dammam kilipotoa mafuta kwa wingi. Mwaka 1950 mfalme na kampuni, ambayo wakati huo iliitwa Aramco, wakakubaliana kugawana faida nusu kwa nusu. Septemba 1960 Saudia ilikutana Baghdad pamoja na Iran, Iraq, Kuwait na Venezuela, wakaunda chama cha OPEC. Na hapa niwape sifa zao: tangu mwaka 1973 serikali ilianza kununua hisa za Aramco kidogo kidogo, na ilipofika mwaka 1980 kampuni yote ilikuwa mali ya nchi, bila ya kumwaga damu wala kuwafukuza mafundi. Bei nayo ilikuwa imepanda, kutoka karibu dola 3 kwa pipa hata kupita dola 11 katika miezi michache ya mwisho wa 1973 na mwanzo wa 1974.

Na lile baraza la Makka? Baada ya kuundwa Baraza la Mawaziri mwaka 1953 liliendelea kufifia, na mwisho halikusikika tena. Wanaohusudu nchi isiyo na kodi hawalitaji jambo hili. Serikali nyingine humwendea raia imenyoosha mkono wa kupokea. Serikali hii ilimwendea imenyoosha mkono wa kutoa. Wazee wetu husema mkono mtupu haulambwi. Huu ulikuwa umejaa, ukalambwa.

Haukutoa upuuzi, na mwenye haki hana budi kukiri. Shule za serikali za wasichana zilianza mwaka 1960, hospitali zikajengwa, na maji ya bahari yakaondolewa chumvi kwa mitambo, hata leo hakuna nchi itengenezayo maji hayo kwa wingi kuliko Saudia. Zilifanywa na kazi za ajabu ambazo sizisifu. Kwa fedha za mafuta walivuta maji ya kale yaliyo chini ya jangwa, wakalima ngano mpaka wakauza nchi za nje. Mwaka 2008 serikali ilipoona maji yanakwisha ikaamua kilimo hicho kipunguzwe mwaka hata mwaka. Mkulima aliyelipwa kwa kila gunia hakuwa na sababu ya kuuliza kisima kitadumu mpaka lini.

Serikali yenyewe ni ya mfalme. Sheria ya Msingi ya mwaka 1992 yasema kwamba katiba ya nchi ni Kurani na Sunna, na kwamba ufalme ni wa wana wa Abdulaziz na vizazi vyao. Mfalme Salman alishika kiti mwaka 2015, na mwanawe, Mohammed bin Salman, alifanywa mrithi mwaka 2017 na Waziri Mkuu mwaka 2022. Baraza la Shura lilirudishwa na sasa lina wajumbe 150, wote wa kuteuliwa. Wanawake waliingizwa mwaka 2013. Vyama vya siasa haviruhusiwi. Uchaguzi wa mabaraza ya miji ulifanyika mwaka 2005, 2011 na 2015, na mara hiyo ya mwisho wanawake nao walipiga kura. Mwandishi Jamal Khashoggi, aliyezoea kuuliza maswali gazetini, aliuawa tarehe 2 Oktoba 2018 ndani ya ubalozi mdogo wa nchi yake mjini Istanbul.

Mwaka 2011 nchi nyingi za Kiarabu zilipochafuka, Mfalme Abdullah alitangaza matumizi ya zaidi ya dola bilioni 100 kwa nyumba, kazi na mishahara. Wengine waliitwa kwenye mashauri. Hawa waliongezwa fedha. Mimi sioni kwamba hayo ni mamoja.

Lakini mafuta hupanda na kushuka. Bei ilipoanguka tangu mwaka 2014, serikali ilitunga mpango wa mwaka 2030 wa kuacha kutegemea mafuta peke yake, na Januari 2018 ikaanza kutoza kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 5. Yafaa kutazama ilivyofanywa: siku chache tu baadaye mfalme aliagiza watumishi wa serikali wapewe riyali 1,000 kila mwezi ili wasiumie. Yaani walichukua kwa mkono mmoja na kutoa kwa mkono wa pili. Mwaka 2020 posho hiyo ilikatwa mwezi Juni, na Julai kodi ikapanda mpaka asilimia 15. Sasa mama wa Riyadh anunuapo bidhaa dukani hulipa kodi kama mama wa Dodoma, ila mama wa Dodoma ana mbunge wa kumlalamikia.

Mtu ataniuliza, je, Norway? Nayo ina mafuta tele na bunge lenye nguvu. Jibu langu ni kwamba Norway ilipata mafuta mwaka 1969, na wakati huo watu wake walikuwa wamekwisha zoea kulipa kodi na kuchagua serikali kwa miaka mingi. Mafuta yaliwakuta wamekwisha jifunza kuuliza. Swali la Kuwait ni gumu zaidi. Raia wa huko naye hatozwi kodi ya mapato, na hata hivyo nchi ilikuwa na bunge la kuchaguliwa tangu mwaka 1963, lenye wabunge wakali. Basi kodi siyo sababu peke yake. Lakini Mei 2024 Amiri alilivunja bunge lile na kusimamisha uchaguzi, nami sishangai sana.

Wako na wengine wasiosikilizwa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 Saudia ilikuwa na watu milioni 32.2, na kati yao milioni 13.4 walikuwa wageni. Ndio wajengao na wapikao, na miongoni mwao wamo dada zetu kutoka Kenya na Uganda wafanyao kazi za nyumbani. Sheria ya mwaka 2021 iliyowarahisishia wafanya kazi wageni kuhama mwajiri iliwaacha nje watumishi wa nyumbani. Nchi ya neema, bila shaka, lakini inategemea umeingia kwa mlango gani.

Nirudi kwetu. Baba yangu ana duka dogo, na mimi humsaidia kuandika hesabu zake za kodi. Haipendi kodi hata kidogo. Lakini mvua ilipokata barabara yetu, alikwenda kwa diwani na risiti zake mfukoni, akazitandaza mezani moja moja, akamwambia: “Mheshimiwa, fedha zangu ndizo hizi. Kalavati liko wapi?” Lilijengwa baada ya miezi saba. Siwezi kuapa kwamba ni kwa ajili ya risiti, ila najua asingekuwa nazo angekwenda kuomba, na yeye alikwenda kudai.

Gesi yetu ya Songo Songo ilianza kutumika mwaka 2004. Mwaka 2013 kulitokea ghasia Mtwara juu ya bomba la gesi, na watu walikufa. Ghasia sizitetei, lakini swali la watu wale lilikuwa la halali: mali hii inakwenda wapi, na sisi tutabaki na nini? Mwaka 2015 ilitungwa sheria ya mapato ya mafuta na gesi, yenye mfuko maalumu wa kuwekea fedha hizo. Na bomba la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, zilizo nyingi zikiwa katika ardhi yetu. Fedha za namna hii haziji na risiti ya baba wa mtu yeyote. Kwa hiyo nataka tuzidi kutozwa kodi, tena ya haki, hata siku gesi itakapojaza hazina.

Namwomba katibu wa chama cha midahalo aiweke hoja hii muhula ujao: “Kwamba nchi yenye gesi isitoze raia wake kodi.” Mimi nitasimama upande wa wapingao.