Anayemkataa Mtoto Naye Awajibishwe

Mzazi asiyemwandikisha shule mtoto aliyefikisha miaka 7 anaweza kufikishwa mahakamani. Sheria ya Elimu ya 1978 inasema hivyo, na watendaji wa kata hawahitaji kukumbushwa. Lakini mzazi huyohuyo akimpeleka mtoto mwenye usonji kwa mwalimu mkuu, akaambiwa, "Mama, hapa hatuna kitengo cha elimu maalumu, jaribu kwingine," hakuna mtendaji anayekwenda kuuliza shule imekataa kwa mamlaka gani.

Mamlaka hayo hayapo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, katika kifungu cha 27, inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, iwe ya umma au ya binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Akiwa hapo apewe msaada unaolingana na hali yake, kutoka kwa mwalimu mwenye sifa au aliyepangiwa kazi hiyo. Kumtafuta mwalimu huyo si kazi ya mzazi.

Ndivyo ilivyogeuzwa, hata hivyo. Dar es Salaam, penye shule yenye kitengo kama Uhuru Mchanganyiko, mama anayeishi pembezoni mwa jiji hupanda daladala mbili akiwa amembeba mtoto mwenye mtindio wa ubongo, konda akinung'unika kwamba anajaza nafasi. Akishafika hawezi kurudi nyumbani, maana nauli ya safari nne kwa siku haipo; hukaa chini ya mti hadi masomo yaishe. Genge alilokuwa akiuzia limekufa. Na huyo ndiye mwenye bahati. Vijijini mzazi huelekezwa bweni la wilaya nyingine, amwache huko mtoto asiyeweza hata kusema nani kampiga. Akisita, anaambiwa hana mwamko.

Hatuwabebeshi walimu wakuu lawama yote. Ruzuku ya Sh10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, ambayo sehemu yake ni ya vitabu, hainunui mashine ya nukta nundu. Darasa lenye watoto zaidi ya mia moja halimpi mwalimu nafasi ya kumshika mkono mtoto mmoja. Ila mwalimu mkuu siye wa mwisho. Juu yake yupo ofisa wa elimu maalumu wa halmashauri, yupo mkurugenzi, na wapo madiwani wanaopitisha bajeti. Hao ndio tunaowadai. Wako walimu waliosomea elimu maalumu katika Chuo cha Patandi mkoani Arusha ambao leo wanafundisha madarasa ya kawaida kwa sababu tu shule ilikuwa na upungufu. Kuwarudisha kwenye kazi waliyosomea hakuhitaji mfadhili, bali barua ya uhamisho.

Mzazi anayemfungia mtoto ndani kwa aibu hatumtetei. Anavunja sheria na anamuumiza mwanawe. Lakini kabla ya kumkamata, aulizwe alishakataliwa shule ngapi.

Tunataka jambo moja lianze na uandikishaji ujao. Shule yoyote inayosema haiwezi kumpokea mtoto iandike hivyo kwa barua: jina la shule, sababu, na kinachokosekana, iwe mwalimu, choo chenye njia ya kiti mwendo au vifaa. Nakala apewe mzazi, nyingine ifike kwa mkurugenzi, naye ajibu kwa maandishi, akitaja shule iliyo tayari na nani atalipa nauli. Kukataa kwa mdomo kukome, kwa kuwa neno la mdomo haliingii kwenye takwimu, na mtoto asiye kwenye takwimu hapangiwi bajeti.

TAMISEMI, inayosimamia halmashauri, ikusanye barua hizo na kuziweka mezani kabla halmashauri hazijapitisha makisio. Mkurugenzi ambaye hatakuwa na barua hata moja asipongezwe haraka, atumiwe wakaguzi.