Mtumishi Asiyelala na Taa za Mandera

Siku hizi twasikia sifa za mtumishi mpya: akili mnemba ijiendeshayo yenyewe. Humwelekezi neno kwa neno. Wampa kazi, naye hutafuta, husoma, hujaribu, akikosea hurudia, hata aimalize. Sifa nyingi ni za haki. Ila mimi nauliza swali la mwenye nyumba: anakula nini?

Anakula umeme. Mwaka 2025 Google ilieleza kwamba swali la kawaida kwa Gemini hutumia wati-saa 0.24, yaani taa ya wati 9 kwa dakika moja na nusu hivi. Si kitu. Lakini mtumishi huyu, kwa kazi moja tu, hujiuliza mara nyingi bila sisi kumwona. Akijiuliza mara mia, taa ile ingewaka zaidi ya saa mbili na nusu.

Sasa tutazame Mandera, pembeni kabisa mwa Kenya, kando ya mto Daua. Kwa miaka mingi mji huo umewashwa kwa mitambo ya dizeli, mbali na gridi ya taifa, na mafuta huletwa kwa malori. Tangu mwishoni mwa 2020, misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya kutosha, mifugo ikateketea; nao wafugaji wale wameichafua hewa kwa kiasi kisichostahili kutajwa.

Mei 2024, Microsoft na G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa dola bilioni 1, ndani yake kituo cha kompyuta huko Olkaria, kitumie mvuke wa ardhini. Hapo sina ugomvi. Mvuke ni safi kuliko dizeli. Lakini hatua ya kwanza ilitajwa kuwa megawati 100. Mtambo wa jua wa Garissa, uliozinduliwa 2019, ni wa megawati 50 tu, na usiku hulala. Kituo kimoja, Garissa mbili!

Sisi tuliofunzwa tangu chuoni kwamba hata maji ya udhu yana kiasi, ujapokuwa kando ya mto, twaijua israfu. Kumtafutia mfugaji soko si israfu. Kumtuma mtumishi akutungie salamu za Idi, hapo nina shaka.

Nitakacho ni hesabu. Tumeambiwa umeme wa swali moja. Kazi nzima je? Makampuni yatuandikie kwa kila kazi mtumishi wao amekula kiasi gani, kama mita ya ukutani inavyotuonyesha sisi.