Ukifuta, na Kioo Kinafuta!

Leo tuweke kando mapenzi na mitindo ya nywele, tuongelee kioo. Si kile cha kwenye mkoba wako dada yangu, wala kile cha kinyozi wako kaka. Nazungumzia kioo kinacholinda mshiko wako.

Mshahara ukiingia benki, hakuna mtu anayeuweka kwenye droo yenye jina lako. Kinachowekwa ni tarakimu kwenye diski, ndani ya makabati ya kompyuta yanayounguruma usiku na mchana kwenye chumba cha baridi. Na diski ni kama gari bovu, ina siku yake ya kukata moto. Sasa ikifa na salio lako, utamdai nani?

Mafundi wakasema isiwe tabu. Kila kinachoandikwa kwenye diski hii, kiandikwe palepale na kwenye ya pili. Huko ndiko kupiga kioo. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kule Marekani, walitoa andiko lililopanga mitindo ya kuunganisha diski nyingi ili moja ikifa kazi isilale. Mtindo wa kwanza kwenye orodha yao ni huo huo wa kioo.

Lakini moto hauchagui diski, ndiyo maana wenye mali nyingi huweka kioo cha pili kwenye jengo jingine kabisa. Hapo kuna staili mbili. Ya kwanza ni ngumu kama mwenye nyumba siku ya kodi: hasemi "tayari" mpaka pande zote mbili ziwe zimeandika. Usalama bomba, ila umbali ni adui. Mwanga ndani ya nyaya za kioo hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 100 kwenda na kurudi ni elfu moja ya sekunde. Unaona ndogo? Kila maandishi yakisubiri hivyo, mashine inaanza kuvuta miguu. Staili ya pili inasema "tayari" kwanza, nakala inafuata nyuma. Kasi safi, lakini jengo la kwanza likiungua, vilivyokuwa njiani vimekwenda na maji.

Utamu wenyewe uko kwenye kuhama. Makabati ya zamani yamechoka, mapya yamefika, na wateja huwezi kuwaambia warudi mwezi ujao. Basi kabati jipya linafanywa kioo cha lile la zamani. Data inanakiliwa polepole huku watu wanaendelea kutoa na kuweka pesa. Pande mbili zikilingana, kazi inageuziwa upande mpya, kioo kinavunjwa, mzee anastaafu. Ni sawa na kuhama Sinza kwenda Kimara huku sufuria iko jikoni na wageni wanakula!

Lakini kuhama si mchezo, jamani. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha data za wateja wake kutoka mitambo ya Lloyds, tajiri wake wa zamani, kwenda mfumo wa Sabadell, tajiri mpya, ndani ya wikiendi moja. Cha ajabu, data zenyewe zilifika salama. Nyumba mpya ndiyo iliyozimia! Wateja wapatao milioni 1.9 walijikuta nje ya akaunti zao. Uchunguzi wa mawakili wa Slaughter and May, uliotolewa 2019, ukaonyesha kwamba kulikuwa na vituo viwili vya data vilivyotakiwa kuwa pacha, lakini kilichojaribiwa kama kinahimili uzito wa kazi ni kimoja tu. Kumbe pacha wa pili alipangwa tofauti! Hali ilitulia Desemba 2018, wakati bosi mkuu Paul Pester alishaachia ngazi tangu Septemba. Desemba 2022 ikaja faini ya pauni milioni 48.65.

Kisa cha pili ni cha kampuni ya GitLab. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, fundi mmoja alikuwa anahangaika na nakala iliyokuwa imeachwa nyuma na seva kuu. Akataka kusafisha upande wa nakala aanze upya. Akasafisha upande mkuu! Alipostuka, kwenye gigabaiti kama 300 zilibaki 4.5 hivi. Wakakimbilia akiba. Njia tano walizokuwa wakizitegemea, hakuna hata moja iliyofanya kazi sawasawa. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa saa 6 kabla ya balaa.

Umeona msomaji wangu? Kioo kinakukinga diski ikifa, hakikukingi na mkono wako. Ukifuta huku, chenyewe nacho kinafuta, tena kwa uaminifu kabisa. Akiba ni kitu kingine: ni picha ya jana iliyokaa pembeni, haijali umefanya nini leo.

Na usidhani haya ni ya mabenki tu. Wewe unayetamba kwamba picha zako ziko kwenye simu na kwenye akaunti ya intaneti, mara nyingi hicho ni kioo tu. Ukifuta huku, na kule zinafutika. Kwa hiyo picha za marehemu bibi, kazi za chuo na hesabu za duka lako, weka nakala nyingine pembeni, kwenye diski isiyounganishwa na simu. Kisha ifungue uone kama inafunguka kweli, maana akiba isiyojaribiwa ni ahadi ya mwanasiasa. Na ukinunua simu mpya, ile ya zamani usiiuze wala usiifute siku hiyohiyo. Ikae kwanza wiki mbili, mpaka uhakikishe kila kitu kimehamia.