Meya tumchague wenyewe



Mgombea udiwani wa kata yetu alisema mkutanoni kwamba meya wa jiji apigiwe kura na wananchi. Wengine walicheka. Mimi sikucheka. Leo meya huchaguliwa na madiwani wenzake, mkurugenzi huteuliwa na Rais. Mtaro ukiziba, tumbane nani? Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, Ilala ikapandishwa kuwa jiji, nasi tukasikia redioni kama wapita njia.

Ila mgombea huyo alipoulizwa kwa nini uchaguzi wa serikali za mitaa unasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali, badala ya Tume ya Uchaguzi, alikunywa maji, akaaga. Akirudi kuomba kura, aanze na jibu hilo.

Mpiga kura,
Ilala, Dar es Salaam