Nani Alilipa Kodi?

Kila wiki simu yangu inaniletea video ya msee aliyeacha ofisi akawa fundi, mpishi au mkulima wa avokado. Anatabasamu. Anasema, "Nilithubutu." Mimi nina swali moja tu: miezi ile hukuwa na mshahara, nani alilipa kodi?

Nauliza kwa sababu mimi pia nimewahi kuficha jibu. Niliacha uhasibu nikaingia Kariobangi Light Industries kujifunza kuchomelea mageti. Miezi saba nilikuwa mtu wa mkono: nabeba vyuma, nasugua kutu, na usiku macho yanawasha kama yamejaa mchanga. Siku nzuri nilipata shilingi 300. Bedsita ya Umoja nayo haijui ndoto. Tarehe 5 ikifika inataka hela. Hela hizo alitoa dadangu, muuza mitumba Gikomba, anayeamka saa kumi alfajiri awahi bale zikifunguliwa. Ni yeye pia aliyelipia mtihani wangu wa ufundi wa NITA, gredi ya tatu.

Leo mageti yangu yamesimama Buruburu mpaka Kayole, na sijutii. Kuona kitu ulichounda kikifunga nyumba ya mtu ni raha ambayo vitabu vya hesabu havikuwahi kunipa. Lakini nilipoalikwa kuongea na vijana wa mtaa, nilisifu ujasiri wangu. Dada sikumtaja. Kijana mmoja aliniamini, wiki iliyofuata akaacha kazi ya duka. Yeye hakuwa na dada kama wangu. Mwezi wa pili landilodi akapiga mlango kufuli, vitu vyote ndani.

Wanaotuambia "jitose tu" wanaficha boya lililowabeba. Huku Eastlands boya hilo ni mama, ni dada, ni chama cha akina mama wa ploti. Watu ambao hawaonekani kwenye video.

Basi badili kazi, hata mara tatu, wasikutishe wanaosema umetupa digrii. Ila kabla hujaacha, piga hesabu ya kodi ya miezi ya kujifunza, na ujue nani ataibeba. Ukishafika, mtaje mbele ya watu.

Naanza mimi: ni dadangu. Na wewe wa video, ni nani?